Kusahau Kunapogusa Kazi za Kila Siku

Je, umewahi kuingia chumbani kuchukua kitu, ukasimama katikati ya chumba, ukasahau umefuata nini? Bila shaka umewahi. Kila mtu husahau. Kijana husahau, na mzee husahau zaidi kidogo. Kusahau huko si ugonjwa.

Lakini kuna kusahau kwa namna nyingine. Mtu anaanza kusahau kuliko wenzake wa umri wake. Anauliza jioni swali alilouliza asubuhi. Hesabu aliyoizoea kwa miaka mingi inaanza kumchanganya. Hata hivyo anaoga mwenyewe, anavaa mwenyewe, anasali, anapokea wageni na kuwakirimu. Ukikutana naye njiani huoni kasoro yoyote. Si mzima kabisa, wala si mgonjwa wa kulala kitandani. Madaktari wanasema mtu huyo ana upungufu mdogo wa kumbukumbu na fikra.

Katika somo hili tutaitazama hali hiyo katika kazi za kila siku. Kwa nini katika kazi? Kwa sababu hapo ndipo inapoonekana mapema. Maneno ya mtu yanaweza kukuficha mambo. Mzee anaweza kukusimulia habari za ujana wake bila kukosea hata jina moja. Lakini ukitazama jiko lake, mfuko wake wa fedha na dawa zake, utaona kwamba kuna jambo limebadilika.

Siku moja Mnazi Mmoja

Wengi wenu mmefika Dar es Salaam, au mna ndugu zenu huko. Mnazi Mmoja ni mahali palipo kati ya mjini na Kariakoo. Pana uwanja mkubwa, pana mnara wa Mwenge wa Uhuru, na kando yake unapita Mtaa wa Lumumba. Ukiuvuka mtaa huo umeingia Kariakoo. Tangu alfajiri watu wanapita hapo: wachukuzi wa mizigo, wachuuzi, wanafunzi, na wagonjwa wanaokwenda Hospitali ya Mnazi Mmoja. Watu wote hawa wanahitaji kula. Ndiyo maana mama lishe ni wengi.

Hebu tumfikirie mama lishe mmoja wa hapo. Hatumpi jina, maana ni mfano tu. Tuseme ana miaka 66, na amepika kwa miaka 30.

Anaamka saa kumi alfajiri nyumbani kwake Magomeni. Anaoga, anajifunga khanga, anasali. Mambo haya hayamshindi hata kidogo. Kisha anakwenda sokoni kununua mchele, maharage, nyanya, vitunguu na mkaa. Saa mbili majiko yanawaka. Saa sita wateja wamejaa kwenye mabenchi.

Sasa hesabu mambo aliyonayo kichwani wakati huo. Wali uko jiko hili, maharage yako jiko lile. Mteja mmoja anataka wali kwa maharage, mwingine ugali kwa samaki. Huyu amelipa. Yule amesema atalipa jioni. Mwingine amekula chakula cha shilingi 2,500 na kutoa noti ya shilingi 10,000, naye anasubiri chenji yake ya shilingi 7,500. Wakati huohuo simu inalia. Watu husema kazi ya kupika ni ya mikono. Mimi nasema ni kazi ya kichwa kwanza.

Dalili zinakuja polepole. Siku moja maharage yana chumvi mara mbili. Watu wanacheka, yanaisha. Kuunguza wali mara moja si kitu, kila mpishi huunguza. Lakini mwezi huu wali umeungua mara tatu. Kisha mama anamdai mteja ambaye amekwisha kulipa, na mteja anaondoka kwa hasira. Ananunua vitunguu sokoni, kumbe chini ya meza kuna gunia zima. Zamu yake ya kutoa fedha ya mchezo inafika, naye anaapa kwamba ametoa. Wenzake wanatazamana. Mmoja ananong'ona, "Huyu mama siku hizi amekuwa mjanja."

Nyumbani nako binti yake anasema, "Mama amekuwa mkali. Ukimuuliza jambo dogo, anafoka." Hajui kwamba mama anafoka kwa sababu ana hofu. Mama mwenyewe ameona kwamba mambo yanamponyoka. Anaficha. Anahesabu fedha usiku peke yake, mara tatu, mara nne, na kila mara anapata jibu tofauti.

Hakuna anayesema kwamba mama anaumwa. Wateja wanasema ni mwizi, wenzake wanasema ni mjanja, watoto wanasema ni mkali. Mtu wa biashara ndogo mtaji wake mkubwa ni kuaminiwa. Mama huyu anaupoteza mtaji huo bila kosa lake.

Kazi za namna mbili

Mwaka 1963 daktari mmoja wa Marekani, Sidney Katz, aliandika juu ya kazi ambazo kila mtu anazifanya kwa ajili ya mwili wake. Kazi hizo ni kuoga, kuvaa, kwenda chooni, kuinuka kitandani, kuzuia haja, na kula. Mtoto mdogo hujifunza kazi hizi kabla ya nyingine.

Mwaka 1969 wataalamu wengine wawili wa hukohuko, Powell Lawton na Elaine Brody, walitazama kazi za namna ya pili. Waliandika juu ya kutumia simu, kununua mahitaji, kupika, kutunza nyumba, kufua, kusafiri, kumeza dawa kwa wakati na kutunza fedha. Kazi hizi zina hatua nyingi. Mtu anapaswa kupanga, kukumbuka, kuhesabu na kuchagua.

Mtu mwenye upungufu mdogo anazifanya kazi za namna ya kwanza kama kawaida. Shida yake iko katika namna ya pili, hasa fedha, dawa, ununuzi na safari. Tena angalia: hajashindwa kabisa. Anazifanya, lakini kwa kuchelewa. Kazi ya nusu saa inachukua saa nzima. Anakosea, anarudia, anauliza. Siku nyingine anafanya vizuri sana, na wewe unadhani amepona.

Mtu akifika mahali ambapo hawezi tena kuendesha maisha yake bila kusaidiwa, hapo hali imekuwa kubwa zaidi. Madaktari huiita demensia, yaani ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na fikra. Mpaka kati ya hali hizi mbili si kama mpaka wa shamba uliopandwa minyaa. Hata daktari huhitaji kumtazama mtu kwa miezi kadhaa ili aujue.

Huko kijijini kwako mama lishe si wengi. Lakini kazi za namna ya pili ziko tele. Kuna kukumbuka mbegu ya kupanda na siku ya kupanda. Kuna kujua mbuzi wangapi wametoka na wangapi wamerudi. Kuna kupima mazao na kupokea fedha yake bila kupunjwa. Kuna kupanga shughuli ya harusi au msiba, na kusuluhisha ugomvi wa ndugu. Mzee aliyekuwa akitegemewa katika baraza, akianza kukaa kimya au kuchanganya mashauri ya watu wawili, usiseme tu kwamba amechoka. Mtazame kwa makini.

Mambo mapya ni magumu

Jambo moja linawashangaza watu wengi. Kwa nini mama huyu anakumbuka bei ya mchele ya miaka ya ujana wake, lakini hakumbuki mahali alipoweka ufunguo leo? Ni kwa sababu mambo ya zamani yamekwisha kukaa imara akilini. Ameyarudia mara elfu. Jambo jipya halijapata pa kukaa, nalo huanguka upesi.

Kwa hiyo mtu wa namna hii huenda vizuri maadamu mazingira yake hayabadiliki. Lakini Kariakoo hubadilika. Jengo la soko lilifunguliwa mwaka 1975. Aliyelichora alikuwa Beda Amuli, Mtanzania. Mtu aliyezoea kushuka shimoni kununua vitu kwa jumla miaka yote aliweza kwenda hata akifumba macho. Tarehe 10 Julai 2021 soko hilo liliungua moto. Wafanyabiashara walihamishwa, wakatawanyika sehemu nyingine za jiji. Mtu mwenye kumbukumbu nzima alijifunza njia mpya kwa siku chache. Kwa mtu kama mama yetu, mabadiliko kama hayo yanaweza kumfanya apotee katika mitaa aliyoizoea tangu utoto.

Usafiri nao ni hivyohivyo. Katika daladala konda anataja vituo kwa sauti na kupokea nauli mkononi. Mwaka 2016 yalianza mabasi ya mwendokasi, yenye vituo vyake na milango yake. Mama anayerudi Magomeni kutoka kituo cha Gerezani anapaswa kujua apande basi lipi na ashuke wapi. Kwetu ni jambo dogo. Kwake ni somo jipya.

Na simu ya fedha je? Hapa hatari ni kubwa zaidi. Huduma ya kutuma fedha kwa simu ilianza Tanzania mwaka 2008, na leo imefika karibu kila kijiji. Inataka namba ya siri. Mtu anayesahau huiandika namba hiyo kwenye karatasi na kuiweka pamoja na simu. Au humpa kijana yeyote aliye karibu amsaidie. Matapeli wanawajua wazee wa namna hii. Hupiga simu na kusema, "Mama, nimekosea, fedha yangu imeingia kwako, nirudishie." Mama hakumbuki vizuri, anaona haya kubisha, anatuma.

Kutojua kusoma si upungufu wa akili

Hapa ninyi wanafunzi wa elimu ya watu wazima mnahusika sana. Zamani vipimo vingi vya kumbukumbu vilitungwa kwa ajili ya watu waliosoma shule. Mzee aliambiwa aandike sentensi, au asome maneno na kuyafuata. Asiyejua kusoma alishindwa, akahesabiwa kuwa ana ugonjwa. Hilo halikuwa haki.

Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, ilifanya kazi muhimu katika jambo hili. Watafiti wa hospitali ya KCMC ya Moshi, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Newcastle cha Uingereza, waliwapima wazee katika vijiji sita. Waliwaona wazee 1,198 wenye miaka 70 na zaidi. Matokeo yalitangazwa mwaka 2013. Kati ya kila wazee 100, 6 hivi walikuwa na demensia. Kwa hiyo ugonjwa huu si wa Wazungu peke yao, wala si wa watu wa mjini peke yao.

Watafiti hao walitengeneza kipimo kisichohitaji kalamu. Mzee huulizwa leo ni siku gani. Huulizwa daraja ni kitu gani. Hutaja wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja. Hupewa vijiti vya kiberiti apange umbo kama aliloonyeshwa. Husomewa maneno 10, kisha baadaye huulizwa anakumbuka yapi. Asiyejua hata herufi moja anaweza kupimwa kwa haki. Usijaribu kumpima mzee wako hivyo nyumbani ukamhukumu. Kipimo kina utaratibu wake, nacho ni mwanzo tu wa uchunguzi.

Chanzo ni nini?

Wengine watasema amerogwa. Wengine watasema ni uzee tu, mwacheni. Maneno yote mawili yana hasara. La kwanza linaleta uadui ndani ya ukoo, na mara nyingine damu imemwagika kwa ajili yake. La pili linamnyima mzee matibabu.

Kweli, mara nyingine ni mwanzo wa ugonjwa wa ubongo unaokua polepole. Lakini mara nyingine kuna chanzo kinachoweza kutibiwa. Presha na kisukari huharibu mishipa midogo ya damu iliyo ndani ya ubongo. Upungufu wa vitamini B12 huleta usahaulifu. Ugonjwa wa tezi ya shingoni huweza kuleta pia. Pombe ni adui mkubwa. Dawa za usingizi na baadhi ya dawa za mafua huchanganya akili za wazee. Huzuni ya muda mrefu, kama ya mtu aliyefiwa, humfanya mtu asiweze kushika jambo. Tena kuna wazee ambao hawasahau kitu. Hawasikii tu. Umemwambia jambo, hakulisikia, na wewe unasema amesahau.

Ikiwa mtu amechanganyikiwa ghafla, kwa saa chache au siku mbili tatu, hiyo ni hatari nyingine kabisa. Inaweza kuwa malaria, homa kali, kiharusi au sukari iliyoshuka. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo.

Usimnyang'anye mwiko

Watoto wa mama lishe wakijua tatizo, jambo la kwanza wanalotaka ni kumwambia, "Mama, basi, kaa nyumbani upumzike." Wanasema hivyo kwa mapenzi. Lakini mtu akiondolewa kazi zake zote, hukaa kimya, hukosa wa kuzungumza naye, na akili huzidi kulala. Upweke na kukaa bila kutembea ni kati ya mambo yanayoongeza hatari ya demensia. Yafaa kumwachia kazi, na kumsaidia mahali panapomshinda tu.

Kwa mama yetu mikono bado inajua kupika. Kinachomponyoka ni fedha na mpango. Basi binti au mjukuu akae karibu na apokee fedha. Wateja walipe kabla ya kula, ili isiwepo haja ya kukumbuka nani amelipa. Mapishi manne yapunguzwe yawe mawili. Vyombo vikae mahali palepale kila siku, chumvi kulia, sukari mbali nayo kabisa. Chumvi ikitiwa chunguni, kijiko kiwekwe juu ya mfuniko kama alama. Hizi ni hila ndogo, nazo zinaokoa chungu.

Hapa pia ndipo kusoma na kuandika kunapofaa. Daftari la shilingi chache lina kumbukumbu kuliko kichwa chochote. Andika tarehe, kitu kilichonunuliwa, bei, na aliyekopa. Zamu ya mchezo iandikwe, na mweka fedha atie alama mbele ya macho ya mama. Kama mama hajui kusoma, chora. Kitunguu kikichorwa kila mtu anakijua.

Dawa za presha zisikae zote katika mfuko mmoja. Tafuta vikopo saba vidogo, kimoja kwa kila siku ya juma. Weka kidonge cha kila siku katika kikopo chake. Kikopo cha leo kikiwa kitupu, dawa imemezwa. Kumeza mara mbili ni hatari, na kuacha ni hatari vilevile. Mwaka 2019 utafiti mkubwa wa Marekani ulionyesha kwamba watu ambao presha yao ilishushwa vizuri zaidi walipata upungufu mdogo wa kumbukumbu kwa uchache kuliko wenzao.

Jiko la mkaa au la gesi lisiachwe bila mtu wa pili nyumbani. Namba ya siri ya simu aijue mtoto mmoja anayeaminika, basi. Akitoka peke yake, karatasi yenye namba ya simu ya mtoto ifungwe katika pindo la khanga. Akina mama wamefunga fedha huko miaka mingi, hawatashindwa na karatasi.

Na namna ya kusema naye? Usimwambie, "Umesahau tena!" Anajua. Tena usimwambie mbele ya wateja. Sema, "Mama, njoo tuhesabu pamoja." Sema jambo moja kwa wakati mmoja. Ngoja ajibu. Kungoja ni kugumu kuliko unavyodhani, hasa saa sita mchana.

Kwenda hospitali

Hakuna kidonge kinachoondoa hali hii yenyewe. Lakini kuna vyanzo vya kutibu, na kuna kufuatiliwa. Si kila mtu mwenye upungufu mdogo huingia katika demensia. Miongoni mwa watu wanaofika kwa wataalamu, kati ya 10 na 15 katika kila 100 huingia kila mwaka. Miongoni mwa watu wa kawaida mitaani na vijijini, ni wachache zaidi. Wengine hukaa hivyohivyo miaka mingi, na wengine hurudia hali yao nzuri, hasa chanzo kikitibiwa.

Anza na zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Sera ya Taifa ya Wazee inamtambua mzee kuwa mtu wa miaka 60 na zaidi, na hospitali nyingi za serikali zina dirisha la wazee. Uliza dirisha hilo liko wapi. Chukua dawa zote anazotumia, hata za miti shamba na zile za dukani, uziweke mezani mbele ya daktari.

Kabla ya kwenda, andika katika daftari mambo uliyoyaona. Usiandike "mama anasahau". Andika: "Tangu Ramadhani, wali umeungua mara tatu. Amedai fedha mara mbili kwa mtu mmoja. Alipotea njiani mara moja. Anaoga na kuvaa mwenyewe." Maneno kama haya yanamsaidia daktari sana. Ukifika ndani, mwache mama aeleze kwanza kwa maneno yake, kisha nawe usome ulichoandika, na mama akisikia. Daktari akitaja tarehe ya kurudi, iandike kwa herufi kubwa, uibandike karibu na mlango, mahali ambapo mama anatundika khanga yake.